Faili Niliyoijenga Upya

Kilichoninyima usingizi wikendi ile ni swali moja: nilisahau kumwambia, au nilinyamaza makusudi?

Tulikuwa wahitimu wawili tunaojaribiwa kwa mwezi mmoja katika ofisi ya kutengeneza tovuti, mjini Rodi Kopany. Nafasi ya kazi ilikuwa moja. Mwenzangu, msichana wa Ntimaru, alipewa kurasa za wauza samaki wa kisiwa cha Mfangano. Mimi niliweka plagini, programu ndogo ya kukusanya mitindo ya kurasa hizo. Rangi na mpangilio huandikwa katika faili za chanzo, nayo plagini huzigeuza kuwa faili moja inayosomwa na kivinjari. Kila ukijenga upya, faili hiyo huandikwa yote tangu mwanzo, kwa hivyo haiguswi kwa mkono. Bosi aliniagiza nimweleze mwenzangu hayo. Sikumweleza.

Jumatatu nilimwona ameifungua faili hiyo hiyo. Alihangaika nayo siku tatu, akipanga picha za samaki zikae vizuri kwenye simu ndogo.

"Omera, ndugu yangu, hebu ona. Iko sawa?" akaniuliza.

"Iko sawa."

Kazi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Alhamisi nikabadilisha rangi moja kwenye chanzo, rangi ambayo hakuna aliyeiomba, nikajenga. Sekunde mbili tu, na kazi yake ya siku tatu ikafutika. Nakala haikuwepo, maana faili zinazotoka kwenye plagini hatuzihifadhi.

Ijumaa bosi alimsimamisha mbele ya wateja.

"Siku tatu, madam, na hakuna kitu! Huko kwenu mlisomea kompyuta ama kukamua ng'ombe?"

"Nilifanya, sir. Huyu aliona."

Bosi akanigeukia. "Uliona?"

"Sikuangalia vizuri."

Wateja wakacheka. Mwenzangu alikunja waya wa chaja yake polepole, akikosea, akiukunja tena, kisha akatoka. Bosi akanipiga bega. "Kazi ni yako, nyathina, mwanangu."

Nilijitetea wikendi nzima: hakuuliza, bosi angemweleza mwenyewe, mtu wa digrii angejua. Kila utetezi uliishia kwenye ile rangi.

Jumatatu asubuhi nilimwambia bosi kila kitu, nikiwa nimesimama.

Akacheka mpaka akafuta macho. "Kumbe una akili! Mtu kama wewe ndiye namtaka. Keti."

Sikuketi. Nilitoa simu, nikampigia mwenzangu hapo hapo, nikaweka spika mezani pa bosi.

"Nilijua itafutika," nikamwambia. "Nilijenga nikijua."

Alikata simu. Nikachukua begi langu nikatoka.