Ngano ya Mwaka Sabini na Nne

Arvel Jorgensen alikuwa na kilo elfu moja na mia sita za ngano, na ukiingia kwake ungeambiwa hivyo kabla hujavua koti. Katika bonde letu la Sanpete sote tunaweka akiba. Ndivyo tulivyolelewa kanisani: chakula cha mwaka mzima chini ya nyumba, kwa ajili ya siku ya shida. Lakini wengi wetu tuliweka maboksi mawili ya supu, mengine tukamwachia Mungu. Arvel hakumwachia Mungu kitu.

Kitanda chake na mkewe, Norda, kilikaa juu ya ndoo ishirini za ngano. Meza ya sebuleni ilikuwa ndoo mbili nyingine zilizofunikwa kitambaa cha kufuma. Kule chini kulikuwa na vinu vinne vya mkono, opena kumi na moja za makopo, taa za mafuta, misumeno, sepetu, na jiko la kuni lililosubiri kwa subira jiko la juu life. Kulikuwa pia na maziwa ya unga, asali na chumvi. Maharagwe hakuweka, kwa sababu yanajaza tumbo upepo, na dunia ikiisha, alisema, watu watakuwa wamefungiwa chumba kimoja.

Hayo huyasimulia mwenyewe siku hizi, akijicheka hadi miwani inamwanguka. Alikuwa mpeleka barua, miaka thelathini na mmoja, na utotoni alikula viazi vilivyooza kwa baridi kwa sababu hapakuwa na kingine. Basi akaapa kwamba mtu wa nyumbani kwake hatalala njaa. Kiapo kizuri. Tatizo, anasema, ni kwamba aliyeapa alikuwa yeye.

Norda alianza kukonda mwaka themanini na tano. Tumbo lilimsumbua, nywele zikapungua, akawa anashika ukuta akipanda ngazi. Arvel hakukaa bure. Alikuwa na dawa, tena tani moja na nusu. Asubuhi uji wa ngano, mchana mkate wa ngano nzima, jioni ngano iliyochemshwa kwa maziwa. Kila mkewe alipokonda, alimwongezea mkate. Hata rafu ambazo Norda alipangia chupa za mapichi aliyosindika mwenyewe, Arvel alizing'oa apate nafasi ya ndoo thelathini zaidi. Norda aliwagawia majirani mapichi yake. Alizifunga chupa zake tupu kwenye gazeti, akaacha kusindika.

Mwishoni mwa Januari, mwaka tisini na tatu, daktari mmoja wa mjini Provo akagundua ugonjwa. Utumbo wa Norda hauiwezi ngano. Asiile tena, hata chembe.

"Ngano ipi?" Arvel akauliza.

"Ngano, mzee. Ngano yote."

"Hata ya mwaka sabini na nne? Maana hiyo imekaa sana kwenye ndoo, huenda makali yameshaisha."

Daktari akamtazama Norda, Norda akatazama dirisha.

Wakarudi na mifuko miwili midogo ya mchele, na kwa wiki tatu Norda akaanza kupata rangi usoni. Mchele ulipokwisha, Arvel alipanga kurudi mjini kununua mwingine Alhamisi. Jumatano usiku theluji ikaanza, na haikujua kuacha. Nguzo za umeme zikalala, barabara ya bondeni ikafungwa, na duka letu la pekee likabaki na chumvi ya mawe na kadi za pole.

Ndiyo ile siku ya shida aliyoingoja maisha yake yote. Arvel akawasha taa, akashuka chini, akawasha jiko la kuni, akageuka kuchagua chakula cha mkewe. Akasimama na taa mkononi katikati ya ndoo zake. Ngano. Ngano. Ngano ya kusaga. Maziwa ya unga yalikuwa yamegeuka njano na kunuka kama kamba ya zamani. Alipanda na asali.

Ijumaa Norda alikula mayai mawili ya mwisho. Jumamosi asali na maji moto. Jumapili asubuhi alijaribu kuinuka kitandani, miguu ikakataa.

"Usijali, baba," akasema. "Watafungua barabara tu."

"Lini?"

"Sijui. Mimi ndiye mpeleka barua?"

Arvel akacheka, kisha akaenda jikoni asimwone analia. Alikuwa na hofu, na kuliko hofu alikuwa na aibu. Akachukua sepetu na ndoo ya ngano, maana kwenda kwa jirani mikono mitupu kungekuwa kuomba, na yeye hakuwahi kuomba. Akachimba njia hadi ng'ambo ya barabara.

Pale aliishi Tawnya, msusi, aliyeachika, ambaye nyumba yake ilinukia kahawa, kitu ambacho kwetu ni mwiko. Sasa, kanisani kwetu kila mwanamume amepewa nyumba chache za kutembelea kila mwezi, kujua hali zao. Na kila mwanamume wa bonde hili huikumbuka kazi hiyo siku ya mwisho ya mwezi. Tawnya alikuwa kwenye orodha ya Arvel.

"Tarehe ishirini na nane Februari!" Tawnya akapiga kelele mlangoni. "Nilijua tu! Ndugu Jorgensen, theluji imefika kiunoni na wewe umekuja kutimiza idadi?"

"Nimekuletea ngano."

"Tena? Ile ya Krismasi inanizuilia mlango wa gereji. Ingia, utaganda."

Arvel akaingia, akakaa. Kofia aliizungusha kwenye vidole.

"Leo mahubiri yamegoma?" Tawnya akasema. "Basi nikusaidie, nayajua yote." Akakunja uso, akaiga sauti nzito ya Arvel: "'Je, Dada Tawnya, kuna jambo lolote tunaloweza kukusaidia?' Halafu unachukua kofia unaondoka kabla sijafungua mdomo."

"Lipo," Arvel akasema.

"Lipo nini?"

"Norda hana chakula."

"Acha utani! Nyumba yako inazama kwa chakula."

"Hana anachoweza kula. Ngano ndiyo iliyokuwa inammaliza, Tawnya. Miaka minane. Na aliyekuwa anamlisha ni mimi." Akainamia ndoo yake.

Tawnya hakumhubiria. Alifungua kabati, akashusha nusu mfuko wa mchele, viazi, makopo manne ya samaki, mawili ya mahindi.

"Akiba yangu ya mpaka Jumanne," akasema. "Ila opena yangu ni ya umeme."

"Ninazo kumi na moja," Arvel akasema, akijifuta pua.

"Ona sasa! Una faida kumbe."

Wakavuka pamoja. Tawnya akapika wali na samaki kwenye jiko la kuni, akalaani moshi kwa maneno ambayo nyumba ile haikuwahi kuyasikia, na Norda akacheka kutoka chumbani. Wakamletea sahani. Akaimaliza. Akaomba nyingine, akaimaliza nayo. Ya tatu aliila taratibu, akiokota punje kwa ncha ya kidole.

Arvel alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Miaka yote aliwaambia watu kwamba mkewe ni mlaji mdogo, mnyonge tu, ndiyo asili yake.

"Norda," akasema. "Kumbe unapenda kula."

Norda akalamba kijiko. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo Arvel husema lilimwuma zaidi.

"Siku zote nilipenda," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unafurahi sana nikila mkate wako."