Wa Kwanza Kuingia

Nilipokuwa mtoto nilipenda kuwa wa kwanza katika kila jambo. Siku tuliyohamia mtaa wa Uccle, kwenye nyumba mpya kabisa iliyokuwa bado inanuka rangi, niliukimbilia mlango kabla hata Papa hajazima gari. Bibi alinikamata kola akanivuta kwa nguvu hadi kifungo kikakatika.

Bibi alikuwa mama yake Papa, Mukraine. Alisema kwao nyumba mpya humchukua anayeingia wa kwanza, ndiyo maana hutangulizwa paka. Paka hatukuwa naye. Papa alicheka. Bibi akamwambia acheke tu, ila amkumbuke babu, marehemu mumewe. Zamani, Waukraine walipopata karakana ya seremala iwe kanisa lao hapa Brussels, watu walisimama nje mvuani, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Babu akaingia na benchi begani. Jeneza la kwanza kutoka kanisani humo lilikuwa lake.

Nilimgeukia Maman, mtu wa Bukavu asiyependa kabisa mambo ya ushirikina, nikijua yeye pia atacheka.

"Bon, umuache mama yako aingiye," alimwambia Papa. "Anajua yenye anafanya."

Bibi akaingia peke yake. Tulimsikia akipita chumba hadi chumba, kisha akatuita kwa sauti ya kawaida. Kabla ya Pasaka tulimzika. Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Kwani angemwacha Papa aazime paka wa jirani, angepungukiwa nini?

Mwaka huu nimeanza kufuatilia asili yetu, nikaenda kwenye parokia ya kanisa lile kuuliza habari za siku zake za mwanzo. Mzee mmoja, aliyekuwa mtoto siku ile ya mvua, alimkumbuka babu. Alisema babu hakuwa akijitia ushujaa. Bibi alikuwa mjamzito, amelowa chapachapa, ameshainua mguu aingie. Babu akampita pembeni.

Aliyekuwa tumboni ni Papa.

Najua babu aliuawa na vumbi la makaa, alilolivuta mgodini kabla ya kuja Brussels, na moyo wa Bibi ulikuwa mbovu siku nyingi. Siamini kwamba nyumba inachukua watu. Lakini mwezi uliopita tulipewa funguo za nyumba yetu, jengo jipya karibu na Chaussée d'Ixelles, na binti yangu akaniponyoka akaukimbilia mlango. Nilimkamata kola. Nikaingia mimi, naogopa kweli, nikapita chumba hadi chumba, kisha nikamwita kwa sauti ya kawaida.