Siku ya Tatu Baba Mkwe Hakuwepo

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu Neema, nimejibanza kwenye migomba kule kwetu Kinyala, mimba ya miezi saba, viatu nimevishika mkononi, namchungulia baba mkwe wangu. Usicheke. Mvua ya Rungwe unaijua, haikuulizi kama una mimba au huna. Mimi nimelowa chapachapa, na mzee wa watu amekaa zake kwenye benchi la kituo cha maziwa, maziwa yake yameshapimwa, anapiga soga na wenzake. Ilikuwa lazima nipite mbele yake nifike barabarani, nidandie gari la majani ya chai, niende hospitali Tukuyu.

Ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na baba wakwe zenu. Enzi zetu, wee! Mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe usoni. Ukimwona anakuja unatoka njiani, unajifunika kanga, unasubiri apite. Nilikuwa na miaka sita katika nyumba ile, na sauti yake nilikuwa naisikia kupitia ukutani tu. Lakini nakwambia ukweli, kuna mambo ya enzi zile ninayakumbuka mpaka machozi yananilenga. Mzee yule kila alipokaribia jikoni alikohoa mara mbili, nipate nafasi ya kujisitiri. Hakuwa na njia nyingine ya kuniambia kwamba ananijali.

Sasa Tukuyu nilikuwa nafuata nini? Nesi wa zahanati alipima mkojo wangu akakuta sukari. Akaandika kwenye kadi niende hospitali nikapimwe damu asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni. "Mama, hii huenda ikawa sukari ya mimba," akasema. "Usiichezee." Nikamcheka moyoni. Sukari niliyoijua mimi ilikuwa ya wazee wanene wa mjini. Mimi nachuma chai kutwa, mwembamba mpaka pete inanivuka, sukari nitaitoa wapi? Halafu nikaingiwa na woga. Nilikuwa na kichaa cha ndizi mbivu na chai ya maziwa ya vijiko vinne vya sukari, na mama mkwe hachoki kunijazia. "Kula, mtoto wetu atoke na mwili." Nikaona yule nesi anataka kuninyang'anya raha niliyobaki nayo.

Basi siku ile nikamwona mzee, nikarudi. Wiki iliyofuata nikamkuta tena, nikarudi. Mume wangu akiuliza, namjibu, "Baba alikuwepo, ningepitaje?" Naye anakubali, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Siku ya tatu benchi lilikuwa tupu. Labda ng'ombe wake walichelewa kukamuliwa, sijui. Njia ilikuwa nyeupe mbele yangu, na gari la chai nalisikia linapanda kilima. Nikageuka, nikarudi nyumbani kunywa chai. Mume wangu alipouliza, nikamwambia baba alikuwepo.

Siku ya kujifungua, yule nesi alikuwa likizo. Mwenzake aliponiomba kadi nikamwambia imepotea, kumbe nimeiacha nyumbani makusudi. Lusajo, shemeji yako, mdogo wake mumeo, akazaliwa na kilo nne na nusu. Vigelegele hivyo! Mashavu yamefunika shingo. Lakini ziwa hataki. Analala tu, na akiamka mikono inamtetemeka. Mama mkwe akasema, "Mwacheni, ameshiba tangu tumboni." Sisi kwetu mtoto mkubwa ni sifa, nani angemwonea mashaka? Tukarudi naye nyumbani tukijivuna.

Kesho yake mchana macho yakampinduka, mwili ukakakamaa, akaanza kutikisika. Nikapiga ukunga. Mara namwona baba mkwe mlangoni kwangu, ametugeuzia mgongo. "Mke wa mwanangu," akasema, "ni mimi ninayesema. Mfunike mtoto, tunakwenda." Ndiyo mara ya kwanza kusema nami. Alisimama katikati ya barabara, akalisimamisha gari la chai kwa fimbo yake.

Hospitali wakamtoboa kisigino, wakapima, sukari ilikuwa imeshuka mno. Wakamwekea dripu. Daktari akanieleza taratibu. Sukari ya mama ikizidi, inaingia kwa mtoto, na mwili wa mtoto unazoea kuishusha kwa nguvu. Akizaliwa hapati tena ile ya mama, lakini mwili wake unaendelea kushusha, na ubongo unabaki na njaa. Njaa hiyo ikikaa muda mrefu inaweza kuuharibu.

Mzee alisikia yote, na mume wangu akamweleza kwa nini sikwenda kupimwa. Akanijia kwenye baraza ya hospitali, uso ameuelekeza ukutani. "Heshima gani hii ya kumponza mtoto? Ungekohoa tu, binti yangu. Ningegeuka mimi."

Ningemwambiaje kwamba siku ya tatu hakuwepo? Tangu hapo hakukaa tena kwenye benchi lile. Anapeleka maziwa, anaondoka, wenzake wanamwita hasikii. Alizeeka hivyo, akafa akiamini kwamba yeye ndiye aliyenizuia. Wewe ndiye mtu wa kwanza kulisikia hili.

Lusajo alichelewa kukaa, alitembea akiwa na miaka mitatu, maneno yalikuja mojamoja. Shuleni alipata tabu mpaka akaacha. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba yote yametokana na siku ile. Leo ni mtu mzima, hakuna wa kumshinda kukamua, na utani wake unaujua. Lakini ujumbe wa simu unamsomea wewe, na mimi kila nikikusikia unamsomea, ninaliona lile benchi tupu.

Jana nilipofagia nimeiona kadi yako chini ya kitambaa cha meza. Umeandikiwa ukapime sukari, tarehe imepita, nawe uliniambia foleni ilikuwa ndefu. Mwanangu, sikulaumu, njia hiyo naijua hatua kwa hatua. Ila nisikilize. Sukari ya mimba haiangalii wembamba wala ujana, na unaweza kuwa nayo usisikie lolote. Kapime. Ukikutwa nayo, shika masharti, wengi wanajifungua watoto wazima kabisa. Siku ya uchungu mwambie nesi ukweli wote, mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, na wampime sukari kisiginoni. Akitetemeka, akilegea au akikataa ziwa, usikubali mtu akwambie ameshiba. Nawe mwenyewe ukapimwe tena ukishajifungua, maana sukari hiyo yaweza kurudi miaka ya mbele.

Kesho asubuhi usile kitu, tunakwenda wote. Mungu aliyenipa Lusajo akufungue salama, akupe mtoto mwenye akili ya kumsomea baba yake mdogo. Na kama bado kuna kinachokuziba njia, hata kama ni mimi mama mkwe wako, wewe kohoa tu, mwanangu. Nitageuka.