Mapasa Katika Uwanja wa Kolwezi

Juzi fundi alikuja kupaka chokaa ukuta wa uani kwangu. Alipoikoroga ndani ya ndoo, ile harufu kali, yenye ubaridi wa udongo uliolowa, ilinipanda puani, nikaacha mboga niliyokuwa nachambua nikasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa. Wengine wakisikia harufu ya chokaa hukumbuka nyumba mpya. Mimi hukumbuka mpira wa miguu. Paji la uso likaanza kuniwasha, nikajikuna, na fundi akaniuliza kama vumbi limeniingia machoni. Nilimwambia hapana, aendelee na kazi yake. Ninyi nitawaeleza.

Nilizaliwa nyuma ya kaka yangu kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Wengine husema mapacha. Sisi wa Katanga tunasema mapasa. Kwa Waluba wa kwetu kaskazini, majina ya mapasa hayatafutwi, yanawasubiri: anayetangulia anaitwa Kyungu, anayefuata anaitwa Kabange. Hata mama akabadilika jina, akawa Mama Mapasa, na baba akawa Papa Mapasa, na wanawake wa Kiluba wakaja kuwaimbia zile nyimbo za matusi ambazo siku nyingine yoyote zingeleta ugomvi.

Mapasa wana sheria zao, na sheria kubwa ni kwamba hawagawanywi. Ukimpa mmoja muwa, uvunje katikati. Ukimshonea mmoja nguo, kitambaa kile kile kimtoshe na mwenzake. Ukikosea, yule uliyemnyima ataugua, na huenda akaondoka kurudi alikotoka. Watu waliiogopa sana sheria hiyo, nami niliifaidi kwa kila kitu kitamu. Shida yake ni kwamba fimbo nayo iligawanywa sawasawa. Kyungu alikuwa mtundu kupita kiasi, na makalio yangu yanaweza kutoa ushahidi mpaka leo.

Basi mtaelewa jinsi nilivyoshangaa baba alipotangaza kwamba Kyungu atakwenda shule Kolwezi, na mimi nitabaki.

Tulikaa Sandoa wakati huo. Baba alikuwa dereva wa kamiyo, yaani lori, ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka upande wa mashariki, akipeleka mihogo mikavu Kolwezi na kurudi na sabuni, chumvi na vitenge. Mdogo wake baba alifanya kazi migodini, amepewa nyumba ya matofali katika mtaa wa wafanyakazi, na watoto wa nyumba yake waliruhusiwa kuandikishwa shule nzuri ya pale. Nafasi ya kulala, alisema, ilikuwa ya mtoto mmoja. Tena bibi, mama yake baba, macho yalikuwa yanafifia, na alihitaji mtu wa kumchotea maji na kumwongoza njiani. Mtu huyo ndiye mimi. Baba alieleza yote haya kwa upole, akimwangalia zaidi mama kuliko mimi.

"Na sheria ya mapasa?" mama aliuliza.

"Masomo haiko nguo," baba alijibu.

Mama hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu: wote wanne twende, apaone mahali mwanawe atakapolala, na mimi nipaone pia, ili roho yangu itulie nisije nikaugua. Wiki ile jirani angekaa na bibi. Baba aliona ni ombi dogo.

Tukabanana wote ndani ya kichwa cha kamiyo, miguu yangu juu ya galoni la mafuta, harufu ya dizeli na mihogo ikitulevya. Njia ya Kasaji na Mutshatsha ilikuwa mchanga na mashimo, na kila shimo baba alilisalimia kwa neno ambalo mama alijifanya hakulisikia. Ilikuwa safari kubwa ya kwanza ya maisha yangu na sikuifurahia hata kidogo. Nilimwonea Kyungu wivu. Naye, masikini, kadiri tulivyokaribia ndivyo alivyonishika mkono kwa nguvu zaidi, maana hakuwahi kulala hata mara moja mahali nisipokuwapo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda.

Tuliingia Kolwezi Jumapili mchana. Tulipita upande wa Mashamba, ambao ni mgodi licha ya jina lake, na kwa mara ya kwanza niliona ardhi iliyochimbwa ngazi kwa ngazi, nyekundu na kijivu, kwenda chini mahali ambapo magari makubwa yalionekana madogo kama siafu. Ghala la mihogo lilikuwa limefungwa mpaka kesho yake. Baba aliegesha kamiyo karibu na uwanja wa mpira, na sidhani kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nyuma ya ukuta watu walikuwa wakiunguruma, halafu kimya, halafu wakaunguruma tena. Timu ya mji ilikuwa inacheza na wageni wa kutoka Likasi. Baba alikuwa mtu wa kusikiliza mpira kwenye redio, sikio limebanwa kwenye kitambaa cha spika, na uwanja ule hakuwahi kuuingia Jumapili hata moja. Akavaa shati safi.

"Mi na Kyungu tunaingia kidogo," alisema. "Ninyi mubakie, mulinde bintu."

"Muendee tu muzuri," mama alisema. Alikuwa anafunga upya kitambaa chake kichwani. "Lakini mutoto akigonjwa kesho, utamwambia mama yako nini? Huyu moya ameona mupira, mwingine ameona ukuta."

Kyungu alikuwa bado amenishika mkono mmoja. Baba akanishika wa pili. Mama akabaki peke yake na magunia.

Mlangoni kulikuwa na msukumano mkubwa, na mwenye kukata tiketi alimwita kila mtu "citoyen", yaani raia, kwa sauti ya kufukuza. Ndani, jamani, sikuwa nimewahi kuona majani yaliyokatwa yakalingana vile, wala mistari myeupe iliyonyooka vile. Asubuhi walikuwa wamemwaga chokaa mbichi, na jua lilipoipiga, harufu yake ilitufikia hadi kwenye ngazi tulipokaa, ikichanganyika na karanga za kukaanga na jasho la watu. Wanawake walikuwa wa kuhesabika. Mtu mmoja aliyekaa kando yetu alitueleza kwa dharau kwamba wale wa Likasi walikataa kupita mlangoni kwa kuogopa dawa iliyofukiwa chini yake, wakaruka ukuta wakiwa na viatu mkononi, golikipa wao akachana bukta. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nina huzuni.

Dawa au si dawa, wageni walikuwa wanaongoza. Golikipa wa kwetu, kijana mrefu mwenye mikono mizito, alikuwa ameachia mabao mawili, na watu walianza kumtukana mpaka babu zake. Ilipofika mapumziko, Kyungu aliteleza kushuka ngazi akafuate muuza karanga, nami nikamfuata, na baba akapaza sauti: "Kyungu! Kabange! Mukuye hapa!"

Hapo lazima niwakumbushe miaka ile ilivyokuwa. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali. Kila raia alitakiwa kubeba jina la mababu. Kabla ya amri hiyo, baba alituita Petro na Paulina, na angetuita hivyo siku ile tungekuwa watoto wawili tu waliopotea kwenye umati. Lakini aliita Kyungu na Kabange, na mzee mmoja aliyekaa mbele yetu, amevaa kofia ya timu na kushika ngoma mapajani, akageuka mwili mzima.

Watu wote pale walimwita Tata Kalenga, tata kwa maana ya baba wa heshima; alikuwa mkubwa wa washangiliaji, fundi wa mabomba siku za kazi.

"Bale ni mapasa?" aliuliza.

"Ni mapasa," baba alisema, na nikaona kifua chake kikijaa. "Na papa yabo njo mi," yaani baba yao ndiye yeye.

Tata Kalenga alisimama. Mapasa wana baraka mikononi, kila Mluba analijua hilo, na timu ilikuwa inazama. Aliomba aazimwe mmoja, yule wa kiume, akamguse golikipa mikono kabla mpira haujaanza tena. Aliomba kwa heshima kubwa, kofia mkononi, na watu wa ngazi zote za karibu wakanyamaza wasikie jibu.

Sijui kama baba aliwahi kusikilizwa na watu wengi kiasi kile. Alisimama naye. Alitoa sauti ambayo nyumbani hatukuijua.

"Tata Kalenga, mapasa habatenganishwe," alisema. "Kwenye moya anaenda, mwingine anaenda. Ukibeba Kyungu bila Kabange, mi papa yabo nakatala."

Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akasema huyo kweli ni Papa Mapasa. Baba akakaa chini taratibu, amejaa raha, na hakuwa na habari kabisa na alichokifanya.

Tukabebwa mabegani hadi ukingoni mwa uwanja. Ilitakiwa pemba, ule udongo mweupe wa baraka, lakini nani anakwenda na pemba mpirani? Tata Kalenga aliinama akachota chokaa ya mstari wa pembeni akatupaka usoni, mimi na Kyungu, kipimo kimoja. Iliwasha kama upupu. Golikipa alipiga magoti mbele yetu akanyoosha viganja, nasi tukaviweka vyetu juu yake. Akatuomba kwa sauti ya chini tusiviondoe upesi. Mimi nilidhani watu wazima hawaogopi.

Msitarajie muujiza mkubwa. Hatukuleta ushindi, tulileta sare, na bao la pili la kwetu mpaka leo nadhani lilifungwa kwa mkono. Lakini golikipa hakuachia bao lingine, na kwa Tata Kalenga hiyo ilitosha. Walitusindikiza hadi kwenye kamiyo kwa ngoma na nyimbo za mapasa, matusi yote yakiwa mahali pake, na Tata Kalenga akamsimulia mama neno kwa neno alichokisema mumewe mbele ya uwanja mzima. Mama alisikiliza huku akinifuta chokaa kwa mate na pembe ya kitenge.

"Papa Mapasa alisema vile?" aliuliza. "Basi, Tata, ukuye tukule pamoja jioni hii. Ni kwa ndugu yake, hapa mutaa ya pili."

Baba alifurahi kupata mgeni. Jioni tulikaa uani kwa baba mdogo, bukari, ugali wa kwetu, ikifuka moshi, samaki wa kukaushwa wakielea kwenye mawese. Mama alimhudumia mgeni kwanza, akamnawisha mikono, kisha akamwomba amsimulie baba mdogo ile habari ya uwanjani, kwa kuwa hakuwapo. Tata Kalenga hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alisimama hata akaiga sauti ya baba: kwenye moya anaenda, mwingine anaenda.

"Muzuri," mama alisema, akimtilia mboga. "Njo vile kesho batoto bote bawili baende ku masomo."

Baba aliacha tonge nusu ya njia. Alitazama sahani, akamtazama mgeni, akamtazama mama.

"Masomo haiko mupira," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Tata," alisema Tata Kalenga kwa mshangao wa kweli, "mapasa ni mapasa."

Baba mdogo alijaribu kumwokoa kaka yake. Alikumbusha kwamba kitanda ni kimoja.

"Balilala mu tumbo yangu," mama alisema. "Kitanda yako njo kidogo kupita tumbo yangu?"

Hata baba alicheka, na alipocheka nilijua kwamba ameshindwa. Halafu baba akasema lile lililokuwa zito kwake kweli, na safari hii bila majivuno: "Na mama yangu kule Sandoa? Macho yake inaisha. Nani atamuchotea mayi?"

"Mi niko," mama alisema.

Kyungu alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha, nami nikamkanyaga.

Kesho yake tuliandikishwa wote wawili. Baada ya kushusha mihogo, baba aliwasha kamiyo, na mama akapanda kiti cha pembeni. Tulisimama barabarani tukipunga mikono, lakini mama alitazama mbele tu, kitambaa kimefungwa sawasawa, mpaka gari likakata kona. Nilidhani amekasirika. Nililia kidogo kwa sababu hiyo, kisha nikaanza kufikiria shule.

Niliyaona yaliyofuata bila kuyaelewa. Kila likizo tulimkuta mama amekonda, mabega yamekuwa magumu, bibi amemshika kiuno njia nzima ya kisimani. Nilimaliza shule, nikawa mkunga, nikawapokea mikononi mapasa wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na bado niliihadithia siku ile kama hadithi ya baba aliyenaswa na maneno yake mwenyewe. Watu walicheka sana.

Bibi yetu alikuwa ameshafariki, na mama mwenyewe amezeeka, nilipomuuliza mwishowe kwa nini hakugeuza kichwa asubuhi ile. Alikuwa anamenya karanga. Hakuacha kumenya.

"Ningegeuka, ningeshuka," alisema. "Na ningeshuka, ningebabeba bote bawili, turudie nabo Sandoa."

Nilichukua karanga nikakaa chini kumsaidia. Miaka yote ile nilikuwa nimehesabu kwamba kwenye safari yetu watoto wawili walipata shule na baba akapata aibu kidogo. Mama, aliyerudi Sandoa kwenye nyumba isiyo na mtoto hata mmoja, sikuwa nimemweka mahali popote katika hesabu hiyo.