Esansi ya Harusi ya Kaka Yangu

Mama yangu aliuza esansi, ndiyo petroli, pale Kasongo, kando ya barabara ya Kabambare, kwenye chupa alizozipanga juu ya meza. Wenye pikipiki walimpenda kwa sababu hakuichanganya na mafuta ya taa. Esansi hiyo ilinivisha na kunisomesha. Watu wakibishana redioni kama binadamu tunatumia kwa akili mafuta tunayoyachimba ardhini, mimi namkumbuka mama, na harusi ya kaka yangu.

Mwaka ule mvua zilikata barabara. Malori yalizama matopeni huko mbali, esansi ikawa adimu mji mzima. Kwetu ilibaki bido moja, dumu la mwisho, ambayo mama aliiweka kwa ajili ya gurupu, jenereta ya kupigisha muziki siku ya harusi. Alikuwa amewaahidi jamaa za bibi harusi muziki wa spika kubwa.

Siku yenyewe ndoa ilifungwa baada ya sala ya adhuhuri. Wageni walikuwa wanakula wakati muuguzi wa hospitali alipoingia, nguo zimemlowa mvua. Akainama karibu na mama. Nilikuwa nimeshika sinia kando yao, nikasikia yote.

"Mama, wametuletea mwanamuke na pikipiki toka Kabambare. Mutoto amekwama. Daktari iko tayari kupasua, lakini gurupu yetu imekauka. Tumezunguka muji muzima."

Mama alimgeukia kaka yangu. "Umesikia. Unasemaje?"

"Esansi ni yako, Mama."

"Harusi ni yako."

Kaka aliinuka na kanzu yake nyeupe, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi ameibeba bido mwenyewe, akaifunga nyuma ya baiskeli ya muuguzi.

Mjomba wa bibi harusi alinuna. "Tuliahidiwa muziki. Harusi ya kimya ni matanga."

"Muko na haki, shemeji," mama akamjibu kwa sauti ya chini. "Nilitoa neno langu, na leo nalivunja mbele ya watu wote. Lakini siwezi kucheza na esansi ile, mutu iko anakufa ng'ambo ya soko."

Kisha bibi yake bibi harusi, mwanamke mzee kutoka Kabambare, akapindua beseni lililokuwa na ndizi, akaanza kulipiga na kuimba kwa Kibangubangu. Wanawake wakamwitikia. Vijana wakakimbilia dufu nyumbani kwao. Tulicheza hadi vumbi la sebuleni likapanda kwenye sahani.

Yule mjomba aliondoka mapema, na ulipita muda mrefu kabla hajakanyaga kwetu tena. Mama aliumia, hakupenda kuvunja neno.

Kabla ya magharibi muuguzi alirudi. "Mutoto musichana," akasema. "Mama yake ameamka, anaomba maji." Vigelegele vilivyopigwa hapo havikuhitaji spika. Nilimtazama kaka yangu, kanzu yake ina doa la esansi begani, nikajisikia mrefu kuliko watu wote pale.

Barabara ilipofunguka mama alirudi mezani kwake, akawauzia hata wenye baa za muziki. Hakuona ubaya. Watu lazima wacheze, alisema, bora wajue nani anatangulia kwenye foleni. Mpaka leo nikipita sokoni huwa nasikia nyuma yangu, "Yule ni mutoto wa mama wa esansi," nami hupunguza mwendo ili wanione vizuri.