Maneno ya Daktari

Mimi ni mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya Mbeya. Kazi yangu ni deki na mashuka. Lakini kwa kuwa wazazi wangu walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, madaktari huniita kila anapokuja Msukuma asiyejua Kiswahili. Kutafsiri sikufundishwa na mtu. Nilichofundishwa nyumbani, tena kwa fimbo, ni kunyamaza mbele ya wakubwa.

Mwaka jana wakati wa mvua, mzee mmoja alimleta mkewe. Alikuwa rika la baba yangu, hivyo nilipiga goti kumsalimia, ndoo ya deki ikiwa pembeni. Daktari, kijana mwenye haraka zake, akasema, "Mwambie ukweli. Bibi hatapona, ini limekwisha. Ni siku mbili tatu. Mzee asiondoke hapa."

Mzee alinitazama, akisubiri. Nikashindwa. Kwetu binti hamtamkii mzee kifo cha mkewe usoni. Hutumwa watu wazima, nao huanzia mbali. Nikasema kwa Kisukuma, "Bibi amechoka, anataka apumzike."

"Ameelewa?" daktari akauliza.

"Ameelewa."

Mzee alifurahi. Akaniambia mkewe anatamani maziwa ya mgando ya nyumbani, haya ya pakiti hayataki kabisa. "Nikienda Usangu nikarudi Alhamisi, nitamkuta?"

"Utamkuta, baba."

Nilirudi kwenye deki yangu nikijiona binti mwenye adabu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo, kwamba nilijisifu.

Bibi alifariki Jumatano mchana. Alikuwa akimwita mumewe, na wodi nzima ni mimi tu niliyeelewa anachosema. Nikamshika mkono, nikamwambia mumewe yuko njiani. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Alhamisi mzee akaja na shati safi, kibuyu cha maziwa amekifunga kwa kanga ya mkewe. Nilitamani kukimbia, nimwachie nesi. Nesi hajui Kisukuma. Nikapiga goti, lakini kabla ya kumsalimia nikaanza kulia.

Akakitazama kitanda kilichotandikwa upya. Akakiweka kibuyu sakafuni, taratibu, kisimwagike.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Sasa niambie, siku ile daktari alisema nini?"