Beseni Tupu Kando ya Zizi

Kama ni kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nilichomfanyia mama yangu kule Uru kwa sababu ya maji ya rejeta bado kinaniuma, na mkinicheka katikati nitashindwa kuendelea.

Fundi wetu wa magari wa Pasua humwaga kulanti (ile dawa ya kijani ya kupoza injini) mtaroni, tena gari likiwa bado la moto. Nilimuuliza kwa nini, akasema ndivyo inavyofanywa, na jibu la namna hiyo mimi silipokei. Nikaamua kuitoa mwenyewe nyumbani, gari la Baba likiwa limelala usiku kucha na kupoa kabisa. Asubuhi nikatega beseni, nikalegeza kizibo cha chini ya rejeta, ikatiririka yote, nikafunga, huku nikimhubiria Mama kwamba kitu hiki ni kitamu na mnyama akikilamba kinamuua, kwa hiyo hakimwagwi ovyo. Halafu (mtaniuliza akili ilikuwa wapi) nikaliacha beseni kivulini kando ya zizi, nikaenda kuomba dumu lenye mfuniko kwa rafiki yangu, na huko nikanogewa na mazungumzo.

Niliporudi beseni lilikuwa tupu, na ng'ombe ametoa kichwa kati ya mbao, anajilamba pua.

Mama aliposikia alikaa chini pale pale kwenye migomba. Ng'ombe huyo ndiye anayeendesha nyumba, na nilipokuwa kwa rafiki yangu Mama alikuwa ameshamkamua na maziwa yameshaenda kwa majirani. Nikakimbia nyumba hadi nyumba, nikapita hata kanisani ambako kina mama walikuwa wanafanya usafi, nikitangaza kwamba maziwa yetu yana sumu. Wakayamwaga. Bwana mifugo akaitwa, na nusu ya kijiji ikaja nyuma yake.

Akamkagua ng'ombe mbele, nyuma. "Huyu anakula kuliko mimi. Ulimwona akinywa?"

"Beseni lilikuwa tupu."

"Nimekuuliza kama ulimwona."

Baba akatokea shambani na mzigo wa majani begani, akauliza kama kuna msiba. Wakamwambia ng'ombe kanywa dawa ya gari.

"Dawa ipi? Nimeirudisha kwenye rejeta. Bado ya kijani kabisa, mnaitoa ya nini?"

Mimi, ninayemsumbua mchungaji kwa maswali kila baada ya ibada, sikuwa nimefungua kifuniko cha rejeta kutazama.

Jioni Mama alikamua na hakuna jirani aliyekuja na chombo cha kuchukulia maziwa. Nikabeba maziwa mwenyewe, nikarudi kwenye nyumba zile zile kueleza. Mama Aika, jirani yetu wa kwanza, alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho.

"Asubuhi ulisema ni sumu, kwa sauti hiyo hiyo," akasema.

Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Nikamimina kikombe, nikanywa mbele yake.

"Ongeza."

Nikaongeza. Akavuta kigoda. "Sasa kaa hapo, baba, tukuangalie kwanza."

Nikakaa, majirani wengine wakisogea mmoja mmoja kunitazama, na juu ya kigoda kile nikaapa kwamba siku nyingine nitaihoji hofu yangu mwenyewe kabla ya kwenda kuigawa nyumba kwa nyumba. Giza lilipoanza kuingia Mama Aika aliinuka, akaingia ndani, akatoka na chombo chake.